Dawa ni Bure, Asubuhi Siyo

Kliniki ya methadoni haina Jumapili. Haina Idd wala Krismasi, haina Sabasaba, haina siku ya uchaguzi. Aliyeanza dozi anatakiwa kuinywa kila siku, mbele ya macho yetu, kwa miezi na mara nyingi kwa miaka. Sijui mgonjwa mwingine hospitalini anayedaiwa kufika mara nyingi namna hiyo. Mwenye kisukari huja kwa mwezi. Anayetumia ARV, akishatulia, huondoka na dawa za miezi mitatu au hata sita. Huyu wetu tunamtaka leo, kesho na keshokutwa. Kwa hiyo kasoro ndogo ya mpangilio, ambayo kwingine ingemchosha mtu mara moja kwa mwezi, kwetu inamwadhibu mara thelathini.

Mimi ni muuguzi. Nimekaa kwenye dirisha la kutolea dawa katika zaidi ya kliniki moja ya Dar es Salaam, na ninayoyasimulia nimeyachota huku na huko, kwa hiyo msomaji asijisumbue kubahatisha ni dirisha lipi.

Kwa asiyeijua, methadoni tunayoitoa ni dawa ya maji, inanywewa. Kwa mtu aliyezoea dozi yake hailewishi. Inamwondolea arosto: maumivu ya mifupa, kuharisha, jasho la baridi, miayo isiyokwisha, yale mateso yanayomfanya teja auze simu ya mama yake ili apate kete ya heroini. Hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana dozi moja kwa siku hutosha. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwatibu nayo waraibu wa heroini jijini New York katikati ya miaka ya 1960, na tangu 2005 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hapa kwetu heroini, tunayoiita unga, ilikuja kwa njia ya bahari, vijana wakaanza kwa kuvuta, baadaye wengi wakahamia kwenye sindano, na sindano za kuchangia zikaleta VVU na homa ya ini. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ikafungua kliniki ya kwanza ya methadoni nchini. Mwananyamala ikafuata mwishoni mwa 2012, na Temeke 2014.

Ukizisoma hizo tarehe kwenye taarifa utaona habari ya vituo kuongezeka. Mimi naona habari ya nauli. Kabla ya Temeke, kijana wa Mbagala alikuwa anavuka nusu ya jiji kila siku ya Mungu kwenda Muhimbili, kule Upanga, kunywa kikombe kimoja cha dawa kisha anarudi. Dawa ni bure. Lakini Desemba 2023 nauli ya daladala ya safari fupi ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwa nauli hiyo, kwenda na kurudi ni 1,200, kwa mwezi ni 36,000, na hapo nazungumzia mwenye bahati ya gari moja. Anayetoka Chamazi ndani, au Mabwepande, anaunganisha, na hesabu inakwenda mara mbili. Tena huyu ni mtu ambaye familia ilishamnyima hela miaka mingi nyuma, kwa sababu kila hela aliyopewa ilijulikana inakoishia. Akimwomba dada yake nauli ya kliniki, dada anacheka.

Kwa hiyo anatafuta mwenyewe. Na hapo ndipo kuna jambo ambalo watu wa ofisini hulisahau: kazi anazozipata mtu anayetoka kwenye unga ni kazi za alfajiri. Kupiga debe stendi kunalipa kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tatu, wakati abiria wanagombania magari. Kushusha mizigo sokoni Tandika au Temeke Stereo ni kazi ya kabla jua halijapanda. Feri, samaki wakishapigwa mnada, aliyechelewa hana cha kubeba. Sisi tulikuwa tunafungua dirisha saa moja na nusu, wakati mwingine saa mbili, kwa kuwa ndivyo ofisi za serikali zinavyofungua. Mgonjwa akipanga foleni hadi saa nne, asubuhi yake imekwisha, na pamoja nayo hela ya chakula na ya nauli ya kesho. Tukimwambia atafute kazi, anatuangalia tu.

Tangu nilipoliona hilo, kipimo changu cha kazi nzuri kimekuwa kimoja: mtu ametoka getini saa ngapi. Fomu za taarifa haziulizi. Zinauliza wangapi wamesajiliwa, wangapi wapo bado, wangapi wamepotea, wangapi wana VVU. Ni maswali mazuri. Ila nimewaona watu waliohesabiwa kama "waliopotea" wakiwa wamekaa kilomita chache kutoka dirishani, wamerudi maskani kunakovutwa unga, na ukiwauliza wanakwambia neno moja: foleni.

Foleni yenyewe ilikuwaje? Ilikuwa moja. Ndani yake kulikuwa na mama aliyetulia kwenye dozi ileile kwa miaka mitatu, ambaye hahitaji chochote zaidi ya kikombe chake. Kulikuwa na kijana wa wiki ya kwanza, bado anapandishiwa dozi taratibu, ambaye lazima aulizwe usiku umelalaje, umetumia unga jana au hukutumia. Na kulikuwa na aliyepotea siku nne. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa anaziba njia. Mtu asipokunywa kwa siku tatu au zaidi, mwili unaanza kusahau dawa, na kumpa dozi yake ya zamani kunaweza kumuua. Inabidi aonane na daktari, dozi ishushwe, jalada litafutwe masijala. Wakati jalada linatafutwa, watu sitini wamesimama nyuma yake, jua linapanda, wengine arosto imeanza kuwanyemelea, na ugomvi hauko mbali. Mlinzi anaitwa. Ukiwa nje unasema hawa mateja wakorofi. Ukiwa ndani unajua kwamba mtu yeyote mwenye maumivu akisimamishwa hivyo atafoka.

Kila kikao kiliishia kwenye uhaba wa watumishi. Uhaba upo, siukani. Lakini kilichofungua njia hakikuwa mtumishi mpya. Tuliwatenganisha watu. Dirisha la kwanza likawa la waliotulia: njoo, taja namba, picha ilingane na uso, kunywa, sema neno tusikie umemeza, nenda. Wanaopandishiwa dozi na waliorudi baada ya kukosa wakawekwa upande wa pili, wakae kwenye benchi, wasikilizwe bila kusukumwa. Na orodha ya dozi zinazobadilika kesho ikawa inaandaliwa leo jioni, daktari anaisaini kabla hajaondoka, badala ya mtoa dawa kumsaka asubuhi wodini.

Jambo la pili lilikuwa namba. Wagonjwa wetu wana majina mengi. Jina la maskani, jina la nyumbani, jina alilompa polisi, na lile alilojiandikisha nalo CTC, kliniki ya VVU, ili jirani asimjue. Kutafuta kadi kwa jina kulikuwa kunakula muda kuliko kupima dawa. Tukazipanga kwa namba ya usajili, na mgonjwa akaizoea namba yake kama anavyojua ya simu. Sasa wanaitana kwa namba hata mtaani, wanacheka.

Ukutani kwetu, kama kwenye hospitali nyingi za umma, kulikuwa na bango la maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni utaratibu wa Wajapani wa kupanga kazi. Wizara ya Afya iliuanzisha kwa majaribio Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, kisha ukasambazwa nchini. Watumishi wengi huuchukulia kama habari ya usafi: siku wageni wanakuja tunafuta vumbi na kubandika lebo kwenye makabati. Mimi nasema neno la kwanza peke yake lingetosha kama lingechukuliwa kwa uzito. Tuliposasambua kweli, tulikuta rejista mbili zinazojazwa kila siku, kwa mkono, taarifa ileile iliyokwisha kuandikwa kwenye kadi. Ziliachwa na mradi mmoja uliokwisha kuondoka, na hakuna aliyekuwa anazisoma. Kuziondoa kulihitaji barua na uvumilivu mwingi kuliko unavyoweza kuamini, kwa sababu serikalini kitabu kikishafunguliwa kukifunga ni kesi. Zilipoondoka, mtoa dawa akapata mikono yake.

Baadaye ikaja timu ya ukaguzi, ikakaa na saa, ikatusifu kwa sekunde tunazotumia kwa kila mgonjwa. Sifa hiyo sikuipenda. Ile dakika ya dirishani ndiyo uchunguzi pekee mtu huyu anaopata siku hiyo. Ndani yake naangalia mboni za macho, nanusa pombe, nasikiliza kama ulimi ni mzito. Methadoni juu ya pombe kali au vidonge vya usingizi huweza kusimamisha pumzi, na aliyekuja amelewa simpi, namwambia asubiri mpaka mchana nimwone tena. Mwingine hasemi chochote kwa mwezi mzima, halafu siku moja, kikombe kikiwa mdomoni, anasema, "Sista, mke wangu karudi." Ukiwa unakimbizana na saa, neno hilo hulisikii. Nataka haraka, lakini niipate kwenye majalada, kwenye saini na kwenye kusubiri. Kwenye kikombe niacheni nichelewe kidogo.

Kuna ubovu mwingine wa mpangilio ambao ulionekana kama ubishi wa wagonjwa. Kifua kikuu ni kingi kwa watu wetu, wanalala wengi chumba kimoja, wanavuta kwa kubanana. Mtu akianza dawa za TB, baada ya siku kadhaa anaanza kulalamika: dozi haishiki, usiku napata arosto. Asiyejua atasema huyu anatafuta kuongezewa ili alewe. Ukweli ni kwamba rifampisini, iliyo ndani ya dawa za TB, inalifanya ini liimalize methadoni haraka mno. Baadhi ya ARV za zamani, nevirapini na efavirenzi, zilifanya hivyohivyo. Dolutegraviri, ambayo Tanzania ilianza kuihamia mwaka 2019, haina shida hiyo. Sasa fikiria mgonjwa anayekunywa methadoni jengo hili, TB jengo lile, ARV jengo la tatu, na hakuna daftari linalozungumza na jingine. Anaamua mwenyewe. Anaacha zile zinazomletea arosto, maana arosto anaijua na TB bado hajaijua. Dawa zote tatu zilipoanza kutolewa pahala pamoja, asubuhi moja, mkono mmoja, tuliokoa miguu yake, tukaokoa na matibabu yenyewe. Temeke hapo ilikuwa na mtaji wake, chama cha MUKIKUTE, watu waliougua TB wakapona na sasa wanakwenda mitaani kuwatafuta wengine. Mtu wa namna hiyo akimwambia kijana "kohoa humu", kijana anakohoa.

Wanawake ni habari ngumu zaidi. Ukisimama getini asubuhi unaona wanaume mia na wanawake wa kuhesabu kwenye vidole. Si kwamba hawatumii. Wengi wao wanajiuza usiku na wanalala alfajiri, kwa hiyo saa zetu zinawapita wakiwa usingizini. Wengine wana watoto wachanga, au wana mwanaume anayewauza ambaye hataki watulie. Na wote wanaogopa kupita katikati ya kundi la wanaume wanaowajua kwa majina ya usiku. Kliniki ikiwa na mlango mmoja, mwanamke ameshafungiwa nje, hata kama sheria inasema karibu. Tuliwaruhusu waingie kwa mlango wa wafanyakazi. Kulikuwa na manung'uniko, kwamba ni upendeleo. Ni upendeleo, ndiyo, na wakaanza kuongezeka. Kuna na hili: heroini mara nyingi hukatisha hedhi, mwanamke anaamini hawezi kushika mimba. Akianza methadoni mwili unarudi, na miezi michache baadaye ana mimba asiyoitegemea. Huduma ya uzazi wa mpango ikiwa jengo jingine haendi. Ikiwa chumba cha pili, anaingia akisubiri namba yake iitwe.

Ramadhani nayo ina hesabu zake. Wagonjwa wengi ni Waislamu, na wapo wanaotaka kufunga kama watu wengine nyumbani kwao. Kwa familia iliyomtenga miaka kumi, kijana kukaa kwenye mkeka wa futari akiwa amefunga ni jambo kubwa. Tatizo ni siku ya kwanza: aliyezoea kunywa saa mbili asubuhi, ukimhamishia jioni kwa mkupuo, anakaa zaidi ya saa thelathini na nne bila dawa. Inabidi uanze kumsogeza mapema, saa chache kila siku, na uwe na mtumishi aliye tayari kubaki mpaka baada ya magharibi. Penye mtumishi huyo hufanyika. Pasipo naye tunamwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula, jambo ambalo ni kweli kwa sheria ya dini lakini halimpi kile alichokuwa anakitafuta.

Halafu kuna mlango wa kuingilia. Utaratibu wa mwanzo ulimtaka mtu apitie kwanza kwa asasi ya mtaani, ahudhurie mafunzo mara kadhaa, aje na ndugu wa kumdhamini. Nia ilikuwa njema: kumwandaa, kuhakikisha kweli anatumia heroini, maana kumpa methadoni asiyezoea ni hatari. Lakini teja huamua kuacha asubuhi moja, akiwa ameibiwa, amepigwa au amefiwa, na uamuzi ule una maisha mafupi. Ukimwambia arudi Jumanne ijayo umempoteza. Waliokuwa wanatusaidia kuushika uamuzi ule kabla haujapoa ni waelimishaji rika, watu waliokuwa maskani wenyewe, wanaomfuata mtu Keko au Kigogo, wanamshika mkono, wanapanda naye daladala na kubishana na konda anayekataa kubeba mateja. Kazi hiyo muda mrefu ililipwa kwa fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, niliwapigia simu baadhi ya hao watu na nikakuta hawana tena posho, wala hawana nauli ya kuwafuata wengine. Hospitali inaweza kununua dawa mpaka ijae ghala. Bila huyo anayekwenda maskani, wanaoinywa watakuwa wale wanaokaa karibu na wenye nguvu ya kubanana.

Vituo vimeongezeka, sikatai. Methadoni sasa iko Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga na kwingineko. Lakini ndani ya Dar jiji limekimbia kuliko huduma. Watu wanahamia Chamazi, Kongowe, Bunju, Mabwepande, kwa sababu vyumba vya mjini vimepanda bei, na aliyetulia kwenye dozi, akipata kakazi, ndiye wa kwanza kuhamia huko mbali kwa dada yake. Kwa maneno mengine, tunawatesa zaidi waliofanikiwa. Amsterdam walitengeneza basi la methadoni mwaka 1979, likawa linazunguka vituoni kwa saa maalumu, na Lisbon nao wana magari ya namna hiyo. Basi lina ulinzi wake, hati zake za dawa za kulevya, dereva wake. Si rahisi, na barabara zetu za pembezoni mvua za masika zikinyesha tunazijua. Ila zahanati zipo. Kunywesha dozi iliyokwisha kupangwa hakuhitaji hospitali. Kunahitaji chumba chenye kufuli, mtoa dawa aliyefundishwa, na simu kwa daktari.

Mfamasia mmoja niliyefanya naye kazi hupinga sana wazo la waliotulia kubeba dozi za siku chache nyumbani. Hoja yake ina uzito: chupa moja ikimezwa na mtoto ni msiba, na chupa ikiuzwa mtaani kliniki nzima itafungiwa kwa makelele. Namkubalia kuhusu mtoto. Kwa hiyo nasema iwe kwa wenye kabati la kufunga, kwa waliotulia mwaka mzima, kwa siku mbili tu kwanza. Yeye husema, na kabati atanunua nani? Tunabishana hivyo wakati wa chai, na bado hajanishinda, nami sijamshinda.

Kwenye kikao cha bajeti kijacho nitaomba vitu viwili. Cha kwanza ni zamu ya kuanzia saa kumi na moja alfajiri, hata kama ni dirisha moja la waliotulia, na mtoa dawa alipwe posho ya kuamka. Cha pili ni kwamba lengo la kusajili wagonjwa wapya lisiongezwe mpaka hicho cha kwanza kipatikane. Najua hili la pili litawaudhi wapanga bajeti, maana takwimu za wapya ndizo zinazopendeza kwenye ripoti. Lakini kila mpya ninayemwongeza kwenye foleni ya saa mbili anamchelewesha mpiga debe mmoja ambaye ameshaacha unga, na huyo nikimpoteza ni vigumu kumpata mara ya pili.